Kabla hujaagiza miche: namna ya kulipima shamba la kilimo mseto, kuanzia Kisarawe hadi Kigamboni

Watu wengi wa Dar es Salaam wanaotaka shamba huanza na mti. Mmoja kasikia habari za mitiki, mwingine kaambiwa parachichi za Njombe zinauzwa Ulaya, wa tatu kapita Mkuranga akaona mikorosho imejipanga. Miche inaagizwa kwanza, ardhi inatafutwa baadaye. Kwenye mchicha unaweza kufanya hivyo ukapona. Kwenye kilimo mseto, yaani miti na mazao (na pengine mbuzi au nyuki) juu ya ardhi moja, huwezi, kwa sababu ubaya wa ardhi hujitokeza mwaka wa nne au wa tano, mizizi inapofika mahali isipoweza kupita. Muhogo ukigoma unang'oa msimu ujao. Mwembe ukigoma umeshapoteza miaka.

Kwa hiyo geuza utaratibu: jua kwanza ardhi inakataa nini, kisha uchague mti kati ya vile ilivyovikubali. Ili kulijua hilo unahitaji kulitembelea shamba mara mbili, mvua zikiwa zimekolea na kiangazi kikiwa kikali. Ukanda huu hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, lakini haigawanyiki sawa. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na Juni hadi Septemba ni ukavu wenye manyunyu ya hapa na pale. Dalali analijua hili kuliko wewe, ndiyo maana simu zake huwa nyingi mwezi wa tano. Mwezi wa tano hakuna shamba baya.

Hatua ya 1: Anza na karatasi, ukiwa bado mjini

Kilimo cha miti ni cha miaka kumi, ishirini. Swali la kwanza ni kama ardhi hiyo itabaki kuwa shamba kwa muda huo. Maeneo kama Chanika, Msongola, Pembamnazi na Kisarawe II yamo ndani ya halmashauri za Mkoa wa Dar es Salaam, na jiji linapima viwanja kila kukicha. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa au halmashauri husika, uliza eneo limepangiwa matumizi gani. Likiwa ni la makazi, panda mapapai na mboga ukitaka, lakini usipande mti wa mbao. Kama ni kijijini, huko Kisarawe, Mkuranga au Bagamoyo, taratibu zinaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mazungumzo hapo ni na halmashauri ya kijiji, na uulize kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi na kimetenga eneo la malisho wapi. Suala la malisho litarudi huko mbele.

Kisha angalia mipaka isiyoonekana kwa macho:

- Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ufukwe. Shamba jembamba linaloteremka hadi Mto Mzinga au Mpiji linaweza kupoteza nusu yake hapo.
- Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara.
- Njia za umeme mkubwa, bomba la gesi linalotoka Mtwara kuja Kinyerezi, bomba la mafuta la TAZAMA na reli vyote vina hifadhi zake. Mti mrefu hauruhusiwi humo, hata kama mwenye shamba analima mihogo hapo na hakuna anayemsumbua.
- Ukiwa upande wa Pugu au Kazimzumbwi, hakikisha kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kwamba hauko ndani ya msitu wa hifadhi. Usiridhike na neno la mwenyekiti peke yake.

Ukimaliza hapo fungua Google Earth kwenye kompyuta, tafuta eneo, kisha rudisha picha za miaka ya nyuma. Picha hizo husema mengi: mwaka gani pori lilikatwa, wapi palichomwa mkaa, wapi panachimbwa mchanga, wapi maji yalisimama. Shamba ambalo kila picha ya Septemba lina doa jeusi linaungua kila mwaka.

Hatua ya 2: Pima ukubwa kwa kamba

Huku Pwani eka huuzwa kwa "hatua sabini kwa sabini". Hesabu hiyo ni sahihi iwapo hatua moja ni yadi moja, sentimita 91 hivi. Anayepima akiwa na hatua ya sentimita 75, sabini kwa sabini inakupa mita za mraba 2,756 tu, wakati ekari kamili ni 4,047. Umelipa ekari, umepata theluthi mbili. Tumia futi kamba ya fundi ya mita 50. Mraba wa ekari moja una mita 63.6 kila upande.

Kipimo hiki kina kazi zaidi ya bei. Bila ukubwa wa kweli huwezi kujua miti mingapi itaingia. Minazi kwa nafasi ya mita 9 kwa 9 ni 50 kwa ekari. Mikorosho kwa mita 12 kwa 12 ni 28. Michungwa kwa mita 6 kwa 6 ni 112. Hizo ni hesabu za mti mmoja ukiwa peke yake, na kwenye mseto utapunguza.

Hatua ya 3: Tembea kutoka mgongoni hadi bondeni

Usiingie kwa njia ya dalali. Anzia sehemu ya juu kabisa ya shamba, teremka hadi ya chini kabisa. Mashamba ya ukanda huu yana tabia inayojirudia: juu mchanga mwekundu au wa kahawia, katikati mchanga mweupe uliooshwa, chini mfinyanzi mweusi au wa kijivu. Ukiona shamba la ekari tatu ukadhani ni ardhi moja, kuna uwezekano unatazama ardhi tatu.

Soma mimea iliyojiotea. Mkuyu mkubwa huashiria maji hayako mbali. Matete hukuambia bonde linakaa maji kwa muda mrefu. Ndago ikitawala, jiandae kwa palizi ya kuchosha, maana jembe linaisambaza badala ya kuiua. Ukikuta mahindi ya jirani yamedumaa na katikati yake kuna maua madogo ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, udongo huo umelimwa nafaka miaka mingi bila kurudishiwa kitu. Ni mahali pa kuanza na kunde na mbaazi. Vichuguu si ubaya, udongo wake mara nyingi una rutuba kuliko wa pembeni, ila mchwa watakula miche ya mikaratusi na mitiki kiangazi cha kwanza, na hilo ni gharama ya kuingiza kwenye hesabu.

Miti mikubwa ya majirani ndiyo ushahidi bora kuliko yote, nami huiamini kuliko karatasi ya maabara. Tafuta mkorosho au mwembe wa zaidi ya miaka kumi ndani ya nusu kilomita. Kilele chake kiko hai, au matawi ya juu yamekauka? Minazi ina vichwa, au ni nguzo tupu? Ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi katika pwani yetu, na mahali ulipopita si mahali pa kupanda minazi mia kwa mkupuo.

Pima na mteremko. Huhitaji mtaalamu, mpira wa maji wa mafundi ujenzi unatosha. Simamisha fito mbili mita 10 kutoka moja hadi nyingine, jaza mpira maji, soma tofauti ya urefu. Tofauti ya mita 1 ni mteremko wa asilimia 10. Chini ya asilimia 5, panga mistari upendavyo, ingawa ningeilaza mashariki kwa magharibi ili mazao ya katikati yapate jua. Kuanzia 5 hadi 15, mistari lazima ifuate kontua, yaani ikate mteremko kwa usawa mmoja, na kati ya mistari uweke ukanda wa majani ya tembo au vetiva. Zaidi ya hapo, kama baadhi ya miteremko ya Pugu na Kisarawe, utahitaji matuta ya fanya juu (unachimba mtaro kwenye kontua na kutupa udongo upande wa juu) au uache miti peke yake bila kulima katikati. Mchanga wa huku haungoji. Masika moja tu ya kulima kushuka mlima, na udongo wa juu uko bondeni kwa jirani.

Hatua ya 4: Chimba shimo

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Chimba shimo lenye upana wa kuingia mtu, kina mita 1 na nusu, moja kwa kila aina ya udongo uliyoiona wakati wa kuteremka: juu, kati, chini. Vijana wawili wa kijijini wanalimaliza shimo la kichanga asubuhi moja. Mwenye shamba akikataa usichimbe, umeshapata jibu.

Ingia ndani, kwangua ukuta mmoja kwa kisu ili upate sura safi, kisha utazame kutoka juu kwenda chini.

*Rangi.* Sentimita za juu zenye weusi ndizo zenye mboji. Katika kichanga cha pwani mara nyingi ni kiganja kimoja tu, pengine pungufu. Chini yake wekundu au kahawia iliyo sawa maana yake hewa inapita. Ukijivu wenye madoa ya rangi ya kutu maana yake maji hukaa hapo sehemu ya mwaka, hata kama siku unayochimba pamekauka kabisa. Pima madoa yanaanzia sentimita ngapi. Yakianza sentimita 40, mkorosho, mwembe na mtiki vyote vimeondolewa kwenye orodha. Havivumilii miguu kukaa majini.

*Ugumu.* Choma ukuta kwa kisu kila baada ya sentimita 10. Mahali kinapogoma, weka alama. Kunaweza kuwa na tabaka la kokoto za chuma, au mfinyanzi mweupe mgumu. Milima ya Pugu ina kaolini nyingi, na si kila mahali imefunikwa na udongo wa kutosha. Tazama mizizi ya miti iliyopo: inashuka, au ikifika hapo inapinda na kutambaa? Mizizi haidanganyi.

*Udongo wenyewe.* Chukua donge la ukubwa wa yai kutoka sentimita 20, na jingine kutoka sentimita 80. Lowesha kidogo, kanda, kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Usipotoka kabisa ni kichanga. Ukikatika kabla ya sentimita 2 na nusu ni tifutifu. Ukifika sentimita 5 na zaidi ni mfinyanzi. Hali inayopendeza kwa kilimo mseto ni kichanga juu na tifutifu yenye mfinyanzi kidogo chini, kwa sababu mazao yanapata udongo mwepesi na mizizi ya miti inapata hifadhi ya maji. Kichanga kitupu hadi mita 1 na nusu si hukumu ya kifo, mikorosho na minanasi hukaa humo, lakini ujue mbolea ya chumvichumvi utakayoweka kwa wingi mara moja itazama na mvua ya kwanza.

*Kupitisha maji.* Pembeni chimba kishimo cha kina cha sentimita 30, ujaze maji, uache yanywe. Jaza tena, sasa pima yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Sentimita 3 hadi 8 ni pazuri kwa miti mingi. Chini ya 2 na nusu, maji yatatuama. Yakipotea kabla hujawasha simu kuangalia saa, utahitaji mboji na matandazo mengi kuliko unavyofikiri.

Usiliache shimo wazi. Watoto na mbuzi hupita.

Hatua ya 5: Maabara, kwa kiasi

Kwa kila aina ya udongo tembea kwa zigizaga, chukua vijiko kumi hadi kumi na tano vya udongo kutoka kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, toa nusu kilo. Rudia kwa kina cha 20 hadi 50. Ruka mahali palipokuwa zizi, tanuri la mkaa, kichuguu au jalala. Anika kivulini, funga kwenye mfuko safi, andika jina la sehemu na kina. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kituo cha TARI Mlingano kule Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro hupima. Piga simu kwanza uulize bei na muda.

Omba pH (kipimo cha uchachu wa udongo), kaboni hai, nitrojeni, fosforasi, potasiamu na uwezo wa udongo kushika virutubisho. Kipimo hicho cha mwisho watu hukiruka ili kuokoa fedha, wakati kwa kichanga ndicho kinachosema zaidi. Uwezo huo ukiwa chini, utaweka mbolea kidogo kidogo mara nyingi, na miti ya kwanza kupanda itakuwa ile ya kurudisha majani ardhini: glirisidia, mlusina, mbaazi. pH kati ya 5.5 na 7 haina tatizo kwa mazao mengi.

Hatua ya 6: Maji ya Septemba

Mche wa mti unahitaji kuvuka kiangazi chake cha kwanza, na mara nyingi cha pili. Kwa hiyo swali la maji liulizwe mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli. Kisima kina maji wakati huo? Ni umbali gani kubeba ndoo?

Kigamboni na maeneo yote ya karibu na bahari, onja. Kisha usiamini ulimi, peleka chupa maabara ya maji wapime chumvi. Chini ya desisimensi 0.7 kwa mita, mwagilia chochote. Kati ya 0.7 na 3 chagua mazao: mnazi utavumilia, maharage hayatavumilia. Zaidi ya 3, kisima hicho si cha shamba. Na ujue kwamba kisima chenye maji baridi Aprili kinaweza kuwa na chumvi Septemba, hasa pampu za majirani zikivuta kwa nguvu. Ukiwa karibu na ufukwe angalia pia upepo wa kusi: unabeba chumvi na kuunguza majani. Mstari wa mivinje upande wa bahari, uliopandwa mwaka mmoja kabla ya miti mingine, huokoa mengi.

Hatua ya 7: Kaa na mzee wa jirani

Bila dalali. Nenda na sukari kilo moja, piga hodi, "Shikamoo babu", ukae. Usianze na bei ya ardhi, maana ukianza na bei utajibiwa bei. Uliza shamba lilikuwa la nani na alilima nini. Uliza mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 hadi 2024 maji yalifika wapi, umwombe akuonyeshe kwa kidole. Uliza moto huja kutoka upande gani. Uliza ng'ombe hupita mwezi gani.

Swali la ng'ombe lina uzito kuliko rutuba. Mifugo ikipita shambani kiangazi, miche mia mbili ya michungwa huisha usiku mmoja, na ugomvi utakaofuata hautakurudishia mche hata mmoja. Kama njia yao iko hapo, una mambo mawili tu: uzio hai wa miiba uliotangulia miti kwa miaka miwili, au shamba lingine. Karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi uliza pia habari za ngedere na nguruwe pori. Mihogo ya pembezoni mwa msitu hulimwa kwa matumaini.

Mwone pia afisa ugani wa kata. Yeye anajua magonjwa ya eneo, na mara nyingine anajua shamba hilo limeshauzwa mara mbili.

Hatua ya 8: Chora, gawanya, ndipo utaje mti

Chukua karatasi, chora shamba, ligawe kwa kile mashimo yalichosema. Tuseme ni ekari 5 upande wa Mkuranga. Juu ekari 2, udongo mwekundu, kina zaidi ya mita 1 na nusu, mteremko asilimia 3. Hapo mikorosho au miembe inakaa, na kwa miaka minne mitano ya mwanzo, kabla kivuli hakijafunga, unalima kunde, karanga na muhogo katikati. Kati ekari 2 za mchanga mweupe: michungwa yenye mboji nyingi kwenye mashimo, mistari ya glirisidia inayopogolewa mara mbili tatu kwa mwaka na majani yake kulazwa chini, minanasi katikati. Chini ekari 1 yenye madoa ya kutu sentimita 35: hapo usilazimishe mti wa mizizi mirefu. Mpunga wakati wa masika, magimbi, bustani ya mboga kiangazi unyevu ukiwa bado upo.

Parachichi za Hass? Hizo ni za nyanda za juu. Mitiki? Kama shimo lilikuwa refu, jekundu na lisilo na doa, sawa, lakini chini ya mtiki mkubwa huvuni kitu kingine, kwa hiyo iwe mpakani. Mti wa mbao za asili kama mvule upande michache, uandike kumbukumbu za kuipanda, kwani kuvuna na kusafirisha mbao kunataka kibali.

Hatua ya 9: Miche michache kabla ya mingi

Hata baada ya yote hayo, msimu wa kwanza panda miche mitano mitano ya kila aina katika kila sehemu, masika yanapoanza kushika. Usiidekeze kuliko utakavyoweza kuitunza mingine yote. Mwishoni mwa Septemba hesabu iliyo hai, kisha chagua mmoja kwa kila sehemu uung'oe kwa uangalifu, uchimbe pembeni hadi mwisho wa mzizi. Mzizi mkuu ukiwa umeshuka wima, weka oda ya miche yako Oktoba ili kitalu kiwe nayo tayari Machi. Ukiwa umejikunja, angalia kwanza kama ulikunjwa na kiriba cha kitalu (kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche), kosa la kawaida sana. Kama kiriba hakina hatia, sehemu hiyo ihamishie kwenye mazao ya mizizi mifupi na uichore upya.